Niliacha shule Sikuda, maharage yakanirudisha darasani

SIKUDA, Busia – Magunia manne ya maharage ndiyo yaliyonirudisha shule.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa nimeyanunua kwa wakulima wa hapa Sikuda, nikayashusha Sofia, upande wa Uganda wa mji wa Busia. Mteja wangu alikuwa Marachi, ng'ambo ya pili, upande wa Kenya. Jamaa mmoja aliyejiita wakala akaniambia ushuru ni mkubwa, nimpe fedha "aniwekee mambo sawa". Nikampa. Faida ya safari ile yote ikaishia mfukoni mwake.

Miaka michache baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mhadhiri alitufundisha kuhusu utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, ikiwa imo kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani. Kodi nyingine na karatasi za afya ya mimea hubaki palepale, lakini ushuru niliotishiwa nao haukuwapo. Maharage yangu hayakukaribia hata nusu ya thamani hiyo.

Niliona aibu, kisha hasira, kisha nikajua nimechagua somo linalonihusu.

Kutoka darasani hadi sokoni

Niliacha shule nikiwa kidato cha tano, ada iliposhindikana nyumbani. Hapa kwetu habari hiyo si ngeni. Kijana akikosa ada, mpaka unamwita: kuna kubeba mizigo, kuendesha boda boda, kuvusha mayai na mahindi. Akitazama upande mwingine, machimbo ya dhahabu ya Tiira nayo yanamsubiri. Fedha ya leo ina nguvu kuliko cheti cha kesho.

Baadaye yakaja ya UVIKO-19. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na madarasa yote hayakufunguliwa hadi Januari 2022. Miongoni mwa wanaovusha bidhaa leo wamo walioweka daftari chini wakati ule na hawakuliokota tena.

Kwao nina habari moja: mlango haujafungwa.

Sheria ya vyuo vikuu ya Uganda ya mwaka 2001 inatambua njia ya kuingia kwa watu wazima. Vyuo vinavyotoa nafasi hiyo hutaka mwombaji awe amefikisha miaka 25, kisha afanye mtihani maalumu. Makerere ni kimojawapo. Mimi nilifanya karatasi mbili: moja ya uelewa wa jumla, nyingine ya somo nililolenga. Aliyekuwa na miaka 18 shule zilipofungwa mwaka 2020 anafikisha 25 mwaka 2027. Vyuo hutofautiana kuhusu vyeti vya nyuma vinavyotakiwa, hivyo uliza kabla ya kulipia fomu.

Ng'ambo, mwanafunzi wa Kenya huhitaji wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne ili aingie moja kwa moja kwenye shahada. Aliyepungukiwa anaweza kuanza na cheti au stashahada na kupanda. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati Agosti 2023, hufundisha kwa intaneti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinafundisha wanafunzi wa mbali tangu 1994. Kwa mtu asiyeweza kufunga kibanda miaka mitatu, masomo ya aina hiyo yanafaa kutazamwa.

Kwa nini maendeleo ya kimataifa?

Nilipomweleza shangazi kwamba nataka kusomea maendeleo ya kimataifa, aliacha kuchambua dagaa akaniangalia. "Mwanangu, daktari namjua, mwalimu namjua. Huyo wa maendeleo anafanya nini asubuhi?"

Swali lake lilikuwa la haki, na kila anayetaka kusoma kozi hii alijibu kabla ya kuuza ng'ombe.

Kwa ufupi, somo hili linauliza kwa nini sehemu moja ya dunia ina maji, barabara na kazi, na nyingine haina. Na nani huamua. Si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya masomo ya maendeleo tangu 1965, na cha Dar es Salaam tangu 1973. Ndani yake kuna uchumi, siasa, takwimu, misaada, biashara kati ya nchi, na namna ya kupanga mradi na kuukagua.

Kwa mtu wa mpakani, mengi ya hayo ameyaishi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti: mwagizaji asajiliwe na shehena iwe na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumukuvu kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mchuuzi aliona lori limesimama. Darasani nilijifunza kuuliza mengine: nani anapima, kwa gharama ya nani, na je, mwenye magunia kumi anaweza kuimudu? Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili hapa Busia Februari 2018 ni jambo jema. Lakini kituo hicho hakimsaidii asiyejua haki zake anapofika dirishani.

Usidanganywe kuhusu kazi

Sasa upande mchungu. Kwa miaka mingi shahada hii ilionekana kama tiketi ya kuingia shirika lisilo la kiserikali: gari la kazi, ofisi na mshahara. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Miradi ilikufa na watu wenye shahada wakarudi nyumbani. Anayesoma maendeleo leo kwa matumaini ya kuajiriwa na mfadhili anajenga juu ya mchanga.

Hata hivyo, kuna anayeweza kuitumia vizuri: yule ambaye tayari ana kitu cha kuiongezea. Mfanyabiashara anayejua bei, njia na watu, akiongeza ujuzi wa takwimu, sheria za biashara na kuandika mpango, anafaa kwenye chama cha wafanyabiashara, ushirika, halmashauri, au katika biashara yake mwenyewe.

Ila si lazima liwe somo hili. Kama nia yako ni kuzalisha na kusindika, kilimo au uhandisi huenda vikakulipa zaidi, na Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa 2007 hapahapa wilayani, kinajulikana kwa masomo hayo. Kama shida yako ni hesabu za duka tu, kozi fupi inatosha.

Kabla ya kulipa

Kwanza, hakikisha chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa. Uganda uliza Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu.

Pili, kama unavuka mpaka kusoma, uliza utalipa ada ya mwananchi au ya mgeni. Wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, lakini tangazo si risiti. Pata jibu kwa maandishi.

Tatu, tenganisha mtaji na ada. Mimi nilikosea hapo. Muhula wa kwanza nililipa kwa fedha za mzigo, nikajikuta sina cha kuuza likizoni. Shangazi ndiye aliyeniokoa: alinikopesha magunia mawili ya mahindi, si fedha. "Fedha utaisoma," alisema. "Mahindi utayauza."

Niliyauza Marachi. Yale sikumpa wakala yeyote.

Shangazi bado anauza dagaa. Mwezi uliopita nilipopita kwake alikuwa amekaa na binti jirani aliyeacha shule wakati wa UVIKO-19, sasa ana kibanda cha mayai na mtoto mmoja. Binti aliniuliza mtihani wa watu wazima unafanywa lini na fomu ni shilingi ngapi. Kabla sijajibu, shangazi akamkatiza.

"Kwanza mwambie," alisema, "utakachosomea utakifanyia nini asubuhi."