Nywila Zako Zimo kwenye Daftari la Nani?

Kijana wa Chumbi, wilayani Rufiji, aliyemaliza kidato cha sita, akitaka mkopo wa elimu ya juu, hana budi kuomba Bodi ya Mikopo, HESLB, kwa njia ya mtandao. Nyumbani kompyuta hakuna, kwa hiyo anakwenda steshenari. Mhudumu anamfungulia barua pepe, anamfungulia na akaunti ya maombi, na nywila anaitunga yeye mhudumu: jina la mteja na mwaka aliozaliwa, au 123456 ikikubali. Kisha anafunua kaunta buku lenye safu zilizopigwa mistari kwa rula: jina, namba ya simu, barua pepe, nywila. Miaka ikipita na kijana akarudi kuomba kazi serikalini kwenye Ajira Portal, ukurasa wake humo daftarini unatafutwa na shughuli inaendelea.

Utaratibu huu upo Chumbi, upo Ikwiriri, upo Kibiti, na siudharau. Umewapeleka wengi chuoni. Lakini daftari hilo limekusanya funguo za watu wengi mahali pamoja, juu ya kaunta, na anayetaka kuzitumia hahitaji ufundi wowote. Anahitaji kusoma tu.

Wanaoingia kwenye mtandao ni wengi kuliko tunavyodhani. Mwalimu na muuguzi wana akaunti ya ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Ufuta wa Rufiji unauzwa kwa minada ya kielektroniki ya TMX, Soko la Bidhaa Tanzania, na karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, anashughulika na mifumo ya ushirika kila msimu. Kila mfumo unadai nywila, na kichwa kikichoka mtu anatumia ileile kila mahali. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila zaidi ya milioni 32, ambazo ilikuwa imezihifadhi waziwazi. Orodha za namna hiyo hazipotei; wezi huzichukua na kujaribu jina lilelile na nywila ileile kwenye barua pepe, Facebook na kwingineko. Tovuti ndogo uliyojiunga nayo zamani na kuisahau inaweza kufungua mlango wa ile unayoitegemea leo.

Programu ya kutunza nywila inamtua mtu mzigo huu. Inatunga nywila tofauti kwa kila akaunti, mathalani herufi 20 zisizo na mpangilio, ambazo wewe mwenyewe huna haja ya kuzijua. Inazifungia zote kwenye faili moja lililosimbwa, mara nyingi kwa AES yenye ufunguo wa biti 256, njia iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi Marekani mwaka 2001. Unachokumbuka ni nywila kuu peke yake. Hata hiyo haitumiki ilivyo: programu huipitisha kwenye hesabu iliyofanywa nzito kwa makusudi. Wewe unasubiri kidogo tu. Anayebahatisha mamilioni ya nywila anausubiri muda huo kila anapojaribu.

Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana. Ukitumiwa kiungo cha ukurasa wa uongo unaofanana na wa HESLB, jicho hudanganyika kirahisi. Programu hulinganisha anwani ya tovuti na ile uliyoihifadhi, na ikiona si yenyewe haijazi nywila. Ikikataa, usiinakili kwa mkono. Angalia kwanza uko wapi.

Kila kitu basi kinategemea nywila kuu, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Nywila ya herufi ndogo nane ina michanganyiko bilioni 209 hivi. Kama imehifadhiwa mahali palipolindwa vibaya, mitambo inayojaribu mara bilioni 10 kwa sekunde inaimaliza yote kwa sekunde 21. Nywila nzuri haitungwi kwa akili, maana akili ya mtu inatabirika. Inatungwa kwa bahati. Chukua dadu ya ludo na kamusi nene, yenye kurasa zaidi ya 666. Rusha mara tatu: ukipata 3, 5 na 2, fungua ukurasa wa 352. Rusha mara ya nne: ikija 4, chukua kidahizo cha nne kutoka juu. Umepata neno la kwanza. Rudia mpaka yatimie maneno sita, kitu kama “tandu shubaka honga mlizamu kiraka pembejeo”. Usiyapange upya wala usibadilishe usilolipenda. Mtu mwenye kamusi hiyohiyo na anayeijua njia yako yote bado ana uwezekano zaidi ya bilioni nne mara bilioni moja wa kupekua. Hesabu ile nzito ikimbana ajaribu mara laki moja tu kwa sekunde, kuumaliza wote kutamchukua miaka kama milioni moja na nusu.

Hili si la nadharia. Mwaka 2022 wezi waliiba kwa LastPass, kampuni yenye programu ya kutunza nywila, nakala za hifadhi za wateja. Nywila zilikuwa zimesimbwa, ila anwani za tovuti hazikuwa zimesimbwa, na waliokuwa na nywila kuu dhaifu ndio waliobaki hatarini zaidi. Kwa hiyo usichague programu kwa sifa ya kampuni. Uliza: wakiibiwa wao, mimi nitabaki na kinga gani?

Kwa Chumbi naongeza maswali mawili. Je, inafunguka bila bando? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba nchini. Na je, simu ikipotea, nywila zinarudi? Mwezi mmoja kabla yake, mafuriko ya Aprili yaliingia majumbani Rufiji na Kibiti, na maji hayachagui kati ya simu na karatasi.

Kwa mwenye simu janja na bando la kawaida, mimi ningempa Bitwarden. Ni ya bure kwa matumizi ya mtu binafsi, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na nywila zilizokwisha kuingia kwenye simu zinasomeka hata bila mtandao. Ukinunua simu nyingine unazirudisha kwa barua pepe yako na nywila kuu. Karani asiyetaka vitu vyake vikae kwenye kompyuta za watu wa mbali atumie KeePassDX, ya ukoo wa KeePass iliyoanza mwaka 2003: faili ni lake, nakala anaweka kwenye flashi na kuihifadhi nyumba nyingine. Kitunza nywila cha Google kilichomo tayari kwenye simu za Android ni bora kuliko nywila moja kila mahali, ila kwenye simu ya familia, ambayo watoto wote wanaijua namba ya kuifungua, sikishauri.

Mwenye kitochi na barua pepe moja hahitaji programu. Aandike kwenye karatasi, aitie kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka pamoja na cheti cha kuzaliwa. Bruce Schneier, mtaalamu wa usalama wa Marekani, alitoa ushauri wa namna hiyo mwaka 2005: andika nywila, uitunze kama unavyotunza fedha. Nywila kuu nayo inastahili karatasi yake.

Namba ya siri ya M-Pesa iache kichwani. Tarakimu nne ni michanganyiko 10,000 tu, lakini mfumo hufunga baada ya makosa machache, ndiyo maana tapeli habahatishi, anakupigia umtajie. Hapo programu haikusaidii. Meseji za matapeli hao za “ile hela tuma kwenye namba hii” zipelekwe kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa namba 15040.

Siku ya kuhamia, anza na barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine nyingi hurejeshwa kupitia hiyo. Kabla ya kubadili nywila, angalia namba ya simu iliyoandikwa humo kwa ajili ya urejeshaji. Kama ni ya mhudumu aliyekufungulia, iondoe na uweke yako. Kisha washa uhakiki wa hatua mbili. Zifuate akaunti za fedha na za kazi, na Facebook baadaye. Huna haja ya kuzimaliza zote siku moja.