Moto Uliotoka Jikoni kwa Mjane

Sokoni Kikima, kwenye vilima vya Mbooni, stima ikipotea tu kisiagi hunyamaza na madebe ya mahindi huanza kupanga foleni mlangoni. Mwenye haraka hutafuta bodaboda impeleke soko jingine. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, utafaa leo. Kesho watoto watataka ugali.

Liko jeshi lililowahi kuwanyima wakulima unga kwa makusudi, na aliyesimulia kisa hicho ni binti wa mwenye kinu.

Mnamo Mei 1814 Amelia Ryerse alikuwa na miaka 16. Vita vya Marekani na Uingereza, vilivyoanza 1812, vilikuwa vimefika ufuo wa kaskazini wa Ziwa Erie, katika Kanada ya leo, kwa walowezi waliokuwa bado wanafyeka msitu. Baba yake, Samuel Ryerse, alijenga kinu cha maji huko. Alifariki 1812, akamwachia mkewe kinu, shamba na watoto.

Amelia anasimulia kwamba yeye na mama yake walikuwa wakistaftahi mbwa walipoanza kubweka kupita kawaida. Kutoka mlangoni, akaona kilima na mashamba vimejaa askari wa Marekani. Wawili wakachomoka mstarini, wakaokota vibanzi vikubwa vya mti, wakaingia ndani bila hodi wala salamu, wakachukua makaa ya moto mekoni. Hawakusema neno. Mama akaelewa papo hapo.

Mamia ya askari walikuwa wamevuka ziwa kwa meli, wakiwa na bunduki na baruti. Moto wa kuchomea kinu wakauchukua palepale kilipopikiwa chakula cha asubuhi cha mwenye kinu.

Mjane akatoka akamtafuta mkubwa wao, akamsihi: hana mume, ana watoto wadogo. Ofisa alimjibu kwa adabu. Alisema anasikitika, lakini ameagizwa kuchoma. Nyumba ya kuishi ataiacha. Majengo mengine, alieleza, yalitumiwa na askari kama kambi, na kinu kilisagia jeshi la Uingereza unga. Kufikia adhuhuri, anasema Amelia, boma lililokuwa na neema asubuhi lilikuwa magofu yanayofuka moshi.

Jirani, huko Dover, hata nyumba za watu hazikusazwa. Malalamiko yalivuma hadi jeshi la Marekani lenyewe likaunda baraza la kumchunguza kiongozi wa uvamizi huo, Kanali John Campbell, chini ya uenyekiti wa Jenerali Winfield Scott. Baraza likaamua kwamba kuchoma nyumba lilikuwa kosa. Kuchoma vinu, hapana: desturi za vita ziliruhusu, kwa kuwa vililisha adui.

Uamuzi huo ndio unaokereketa. Jiwe lililomsagia askari ndilo lililomsagia mjane. Afrika Mashariki inaijua hesabu hiyo: katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani waliteketeza mashamba na maghala kusini mwa Tanganyika, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya 1977, kifungu cha 54, inakataza kuharibu chakula na vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo, isipokuwa vile vinavyowalisha wanajeshi peke yao. Kwa maneno hayo kinu cha akina Ryerse kingelindwa. Lakini nani angempimia Campbell, asubuhi ile, unga uliokwenda kambini na uliobaki kijijini?

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1814 Jenerali Duncan McArthur wa Marekani alipita eneo hilohilo na askari wa farasi wapatao 700, akachoma vinu zaidi. Safari hii ngano ilikuwa imekwisha kuvunwa. Kinu cha Backhouse, kilichojengwa 1798, kilinusurika na kingali kimesimama. Kiliweza kusagia watu wangapi majira yale ya baridi, na wa mbali walifikishaje magunia yao?