Msitu Unaoishi kwa Majani Yaliyoanguka

Wengi wetu tukiitaja Iran hufikiria jangwa na milima mikavu. Lakini kando ya ufuo wa kusini wa Bahari ya Kaspi, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 850, umetanda msitu wa kale uitwao Hirkania. Wataalamu wanaukadiria umri wake kuwa kati ya miaka milioni 25 na milioni 50. Zama za barafu zilipoangamiza misitu mingi ya Ulaya, huu ulisalimika. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2023 ikaongezwa sehemu yake iliyoko Azerbaijan.

Uhai wa msitu huu watokana na milima ya Alborz. Upepo wenye unyevu kutoka baharini huikabili milima hiyo, ukapanda, ukapoa, na kuuacha mzigo wake wa mvua papo hapo. Mji wa Anzali, ulioko ufuoni, hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Ukivuka milima kuelekea Tehran, waikuta nchi kavu.

Miti mingi ya huko ina majani mapana na laini, nayo huyapukutisha yote kila mwaka. Mkubwa wao ni ule ambao Wairani huuita rash, wa jamii moja na mwaloni, wenye gome jembamba la kijivu. Pamoja nao kuna anjili, mti wenye ubao mgumu mithili ya chuma, ambao asili yake ni msitu huu tu.

Kwa nini mti uyatupe majani yake? Jani pana hutoa maji mengi hewani, na wakati wa baridi kali mizizi haiwezi kuyavuta maji ya kutosha kutoka katika udongo uliopoa. Sisi wa pwani twaujua mkungu, ambao majani yake huwa mekundu na kuanguka wakati wa ukavu. Hikima ni moja. Siku zinapoanza kuwa fupi, mti huivunjavunja rangi ya kijani ya majani, na hapo manjano na wekundu hudhihirika. Hauyaachi majani yaende na mali yote: kwanza huirudisha sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi katika matawi, kama mwenye nyumba anayetoa vyombo vyake kabla ya kuhama. Kisha huziba shina la jani kwa utando, na jani huanguka.

Kilichobaki ndani ya jani hakipotei. Kuvu, nyungunyungu na wadudu hulila jani polepole, wakaligeuza kuwa udongo mweusi wenye rutuba. Tandiko hilo la majani huuhifadhi unyevu, huzikinga mbegu na baridi, na huizuia mvua isiuchukue udongo mtelemkoni. Majira ya kuchipua yanapofika, kabla matawi hayajajaa majani mapya, jua hupenya hadi chini kwa majuma machache. Maua madogo yaliyoweka akiba katika vitunguu vyake ardhini huchanua upesi, hufanya mbegu, na kupumzika kabla kivuli hakijafunga.

Basi msitu huu huishi kwa akiba, na akiba hiyo yahitaji maji. Mwaka 2025 Iran ilipatwa na ukame mkubwa, na mvua za msimu zikachelewa. Tandiko lililozoea kuwa na unyevu likakauka. Mwezi wa Novemba moto uliwaka katika milima iliyo karibu na kijiji cha Elit, katika eneo la Chalus. Watu wa kujitolea walipanda majabali kuuzima, na Uturuki ikatuma ndege kusaidia.

Moto wa namna hii hutambaa chini, ndani ya majani, na mara nyingi hauonekani mkubwa. Hata hivyo, gome la rash ni jembamba. Joto likilipita, mti huweza kufa ukiwa ungali umesimama. Mbegu na miche huteketea, na mvua inayofuata huukuta udongo uko wazi ikauchukua. Ndiyo maana hasara haipimwi kwa idadi ya miti pekee. Msitu ulioshinda baridi za zama za barafu umefikiwa na ukame.

Haba na haba hujaza kibaba, na udongo wa msitu hujazwa jani kwa jani. Watoto wetu wakiuliza majani makavu yana faida gani, tusiwaambie ni taka. Tuwafunulie rundo lililokaa kivulini, waone kwa macho yao weusi ulioko chini na viumbe wanaoufanya, kisha tuupeleke udongo huo katika mimea yetu badala ya kuyachoma majani.