Nyumba Inayofika Ndani ya Sanduku

Mtu atokaye Lubumbashi kwa njia ya kaskazini-mashariki hufika Kasomeno, kijiji cha njia panda. Hapo barabara moja huelekea Kasenga na mto Luapula, na nyingine huelekea Pweto. Watu wa nchi hii hawahitaji kufundishwa maana ya kukimbia nyumba. Mwaka 2017, kwa sababu ya mapigano, maelfu ya watu wa Haut-Katanga na wa Tanganyika walivuka mpaka wakaingia Zambia. Walipokelewa kwanza Kenani, wilaya ya Nchelenge. Na mwanzoni mwa mwaka 2018 wakaanza kupelekwa Mantapala, ambako kila jamaa ilipewa kiwanja ipate kujenga na kulima.

Basi tujiulize: watu 500 wakifika jioni penye njia panda kama ile, nayo mvua ya Novemba iko karibu, watalala wapi? Kuchoma matofali ni kazi ya majuma mengi. Kukata miti kwa ajili ya watu wengi hivyo huacha kilima kitupu. Turubai hupasuka kwa jua na upepo. Kwa hiyo mafundi wamebuni nyumba ambayo vipande vyake vyote hutengenezwa kiwandani, vikapakiwa na kuunganishwa pale pale inapohitajiwa.

Mfano ujulikanao sana ni nyumba ya Better Shelter ya Sweden, iliyobuniwa pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa litunzalo wakimbizi, kwa msaada wa IKEA Foundation. Ilijaribiwa Dollo Ado, Ethiopia, mwaka 2013, na tangu mwaka 2015 imepelekwa kwa wingi katika nchi mbalimbali. Hufika katika masanduku mawili. Mifupa yake ni ya chuma, ambacho mchwa hawali. Kuta na paa ni mabamba mepesi ya plastiki. Watu wanne waweza kuisimamisha kwa siku moja: kwanza msingi, kisha paa, mwisho kuta. Ina madirisha, taa ya jua, na mlango wenye kufungwa kwa kufuli. Mlango huo si jambo dogo. Mama aliyelala na watoto wake nyuma ya pazia kwa miezi mingi ajua thamani yake.

Lakini yafaa kuangalia sana: sanduku huleta nyumba, halileti makazi. Makazi hupangwa kabla lori halijafika. Wanafunzi na washike kalamu. Nyumba hiyo ina meta za mraba 17.5. Kanuni za msaada ziitwazo Sphere zataka kila mtu apate walau meta za mraba 3.5 za kulala. Ndiyo kusema nyumba moja hutosha watu watano. Kwa watu 500 zatakiwa nyumba 100. Je, ardhi? Kanuni zile zataka meta za mraba 45 kwa kila mtu, pamoja na njia, vyoo na majiko. Jumla ni 22,500, yaani hektari mbili na robo. Maji, lita 15 kwa mtu kila siku, ni lita 7,500. Vyoo, kimoja kwa watu 20, ni 25, navyo viwe mbali na kisima kwa meta 30 au zaidi.

Tena mahali pawe na mteremko kidogo, maji ya mvua yapate kuteremka. Uwanda wa chini huonekana mzuri mwezi wa Agosti. Mwezi wa Januari ni dimbwi. Mifereji ichimbwe kwanza, nyumba zifuate.

Tusisahau moto. Mwezi wa Desemba 2015 mji wa Zürich, Uswisi, uliacha kuzitumia nyumba hizo baada ya majaribio kuonyesha kwamba zashika moto upesi. Baadaye waliozibuni wakazitengeneza upya. Hata hivyo nyumba za namna yoyote zikibanana, jiko moja laweza kuteketeza mtaa mzima. Kwa sababu hiyo huachwa nafasi kati ya nyumba na nyumba, na uwanja mtupu wa meta 30 kila baada ya meta 300 za majengo.

Wazee wa Lubumbashi wakumbuka kambi isiyopangwa huzaa nini. Mwaka 1961, mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, makumi ya maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Walijenga vibanda kwa chochote walichookota, wakabanana humo mpaka waliporudishwa kwao mwaka 1962. Hakuna aliyekusudia wakae hivyo muda mrefu. Lakini neno "kwa muda" lina desturi ya kurefuka. Hata nyumba ile ya sanduku ilikusudiwa kudumu miaka mitatu tu, na wengi hukaa kambini zaidi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waliokimbia wana mikono. Wapewe nafasi ya kusimamisha nyumba zao, maana aliyeifunga kila skrubu ajua kuitengeneza ikilegea. Nao machifu na walimu wa vijiji vya njiani wajue mapema mahali palipo juu penye maji karibu. Ujuzi huo hauna bei, wala hauhitaji kuletwa na lori.