Nyumba Isiwe Silaha ya Adui

Namoto ni kituo cha mpakani katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado. Mto Ruvuma ndio unaokitenga na Kilambo, katika Mkoa wa Mtwara. Jimbo hilo halijapata utulivu kamili tangu tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji waliposhambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Mwezi Machi 2021 vita vikafika Palma yenyewe. Silaha zao zimekuwa hasa bunduki, mapanga na moto, lakini tangu mwaka 2021 wametega pia mabomu barabarani. Kwa hiyo suala la kujenga jengo liwezalo kuhimili mlipuko si la wahandisi wa miji mikuu peke yao. Linamhusu askari wa mpakani, na linawahusu vilevile mke na watoto wanaolala jirani na kituo chake.

FUNZO LA MWAKA 1998

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, magari mawili yaliyopakiwa mabomu yalilipuka, moja baada ya jingine kwa dakika chache tu, kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213 na maelfu wakajeruhiwa. Dar es Salaam walikufa watu 11.

Tofauti hiyo ina sababu zake. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa katikati ya jiji, na gari liliweza kuusogelea mno. Jengo lenyewe halikuanguka, ingawa ndani liliharibika vibaya. Bali jengo jirani la Ufundi liliporomoka na kuwafukia waliokuwamo. Dar es Salaam palikuwa na nafasi kati ya ukuta wa nje na jengo, na gari la maji lililokuwapo langoni lilizuia sehemu ya nguvu ya mlipuko.

Jambo jingine ni la kusikitisha zaidi. Huko Nairobi mlio wa kwanza, uliokuwa mdogo, uliwavuta watu madirishani. Mlipuko mkubwa ulipofuata, vioo viliwarukia usoni, na wengi wakapofuka.

JINSI JENGO LINAVYOVUNJIKA

Mlipuko huisukuma hewa kwa nguvu kubwa mno, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Nguvu hiyo hupungua upesi kadiri inavyosafiri. Ndiyo maana umbali ni kinga bora kuliko unene wa ukuta, na balozi mpya za Marekani zilizofunguliwa mwaka 2003 huko Gigiri na Msasani zilijengwa mbali na barabara, kwa kanuni ya mita 30 au zaidi.

Vioo huvunjika kwanza, kisha kuta nyepesi. Sakafu nazo husukumwa kwenda juu, ilhali ziliundwa kubeba mzigo ulalao juu yake. Nguzo moja ikikatika, na sehemu za jengo hazikufungamanishwa vema kwa nondo, ghorofa huangukiana. Mwaka 1968 huko London, katika jengo la Ronan Point, gesi ya jikoni ililipuka ghorofa ya 18, na pembe nzima ya jengo ikaporomoka. Watu wanne walikufa. Mlipuko haukuwa mkubwa; udhaifu ulikuwa katika maungio.

MAMBO YAWEZEKANAYO

Kituo kidogo hakihitaji mali nyingi ili kujikinga. Njia ya magari isielekee moja kwa moja mlangoni, bali iwe na mikunjo na mapipa yaliyojazwa mchanga. Mawe hayafai, maana huruka kama risasi. Magari yasiegeshwe ukutani.

Kuta za matofali zitiwe nondo kutoka kwenye msingi hadi mkanda wa zege wa juu, na kenchi zifungwe imara kwenye mkanda huo. Gharama hiyo haipotei: kimbunga Kenneth, kilichoipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, kilikumbusha thamani ya paa lililofungwa vizuri.

Madirisha yawe madogo, na ya mbao yafaa kuliko ya vioo. Penye vioo, karatasi ngumu ya plastiki ibandikwe kwa ndani na pazia zito litundikwe. Kitanda cha mtoto kisiwekwe chini ya dirisha.

Nyumba ya fito na udongo haiwezi kuhimili mlipuko wa karibu, lakini haina zege la kumfukia mtu. Adui wake mkuu ni moto. Kwa hiyo mafuta ya taa yawekwe mbali na makuti, na pawe na njia ya pili ya kutokea.

Jambo la mwisho halina gharama yoyote. Watoto wafundishwe kwamba wasikiapo mlio mkubwa wasikimbilie dirishani kutazama. Walale kifudifudi nyuma ya ukuta wa ndani, wafunike kichwa, na wasiguse kitu wasichokijua. Hakuna jengo lisilovunjika. Kazi ya mjenzi ni kulifanya lisianguke kwa mara moja, ili waliomo wapate kutoka. Na kazi ya mzazi ni kuhakikisha kuwa wanajua la kufanya.