Aendaye Kusoma Uingereza Amwacha Nani Nyumbani?

Zamani nahodha alipoaga watu wake Lamu au Mombasa, mkewe aliijua hesabu ya kungoja. Kusi lilimchukua, kaskazi lilimrudisha, Mwenyezi Mungu akipenda. Leo kijana wetu aendaye Uingereza kusoma huaga kwa hesabu ya viza, na hesabu hiyo imebadilika kwa namna ambayo wengi hawajaitambua.

Hadi mwisho wa mwaka 2023, aliyekwenda huko kuchukua shahada ya uzamili aliweza kumwombea viza mkewe, au mumewe, pamoja na watoto walio chini ya miaka 18. Viza za jamaa za wanafunzi zilikuwa kiasi cha 16,000 mwaka 2019. Mwaka 2022 zikafika 136,000 hivi. Wakubwa wa huko wakashtuka. Mei 2023 wakatangaza kuufunga mlango, na kwa masomo yaliyoanza tarehe 1 Januari 2024 au baadaye, ukafungwa. Waliobakishiwa nafasi ni wanafunzi wa uzamivu na wa shahada za utafiti, na wanaosomeshwa kwa ufadhili wa serikali katika kozi ya zaidi ya miezi sita.

Mtu atasema, mwaka mmoja ni nini? Uzamili wa huko aghalabu ni mwaka mmoja tu, na wake wa pwani wamezoea kungoja. Ni kweli, lakini hapo ndipo penye mtego. Amalizapo, mwanafunzi huweza kuomba viza ya kubaki na kufanya kazi miaka miwili (itakuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027). Wengi huitamani, maana karo waliyolipa ni kubwa kuliko ya wenyeji na yataka kurudi. Na viza hiyo haimruhusu kumwita mke aliyemwacha nyumbani. Huwatambua wale tu waliokuwa naye tayari kama jamaa za mwanafunzi, au mtoto aliyezaliwa huko huko. Mke aweza kwenda kumtembelea, akikubaliwa, lakini kutembelea si kukaa. Basi mwaka mmoja huwa mitatu, na mtoto aliyeachwa akinyonya babake humkuta anakwenda chuoni na msahafu kifuani.

Nayasema haya kwa sababu ndoa nyingi hufungwa haraka haraka kabla ya safari. Wazee wa bwana harusi huja na sifa za chuo kikuu, wa bibi harusi huzungumza mahari na siku ya kombe, wala hakuna anayeuliza viza ni ya aina gani. Na iulizwe! Shahada ile ni ya darasani au ya utafiti? Nani analipa? Masurufu ya mke yatatoka wapi, ikiwa mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ada ya matibabu peke yake ilipandishwa Februari 2024 kutoka pauni 470 hadi 776 kwa mwaka?

Kwa mabinti zetu jambo ni zito zaidi. Mama mwenye watoto wawili aliyekubaliwa kusoma uzamili, zamani mumewe aliweza kufuatana naye, na watoto wakaingia shule huko. Sasa ataondoka peke yake. Ziko nyumba ambazo hazikubali mwanamke asafiri bila mume wala maharimu, na huko barua ya chuo kikuu imebaki sandukuni.