NCHI JIRANI: MLIMA HAUTII AMRI

Siku ya Jumapili, tarehe 12 Agosti, 2012, helikopta nne za jeshi la Uganda ziliruka kutoka Entebbe kuelekea Garissa, mashariki mwa Kenya, zikiwa njiani kwenda Somalia kuongeza nguvu za jeshi la Umoja wa Afrika. Moja, aina ya Mi-17 ya kubebea askari na mizigo, ilifika Garissa salama. Tatu za kivita, aina ya Mi-24, hazikufika. Zilianguka katika Mlima Kenya, ambako hali ya hewa ilikuwa mbaya. Wanajeshi waliokuwa katika moja ya hizo tatu waliokolewa wakiwa hai. Nyingine mbili zilikutwa zimeteketea, na wanajeshi kadhaa walipoteza maisha. Adui waliyekuwa wakimfuata alikuwa bado mbali, na hakuna aliyewafyatulia risasi hata moja.

Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, umesimama karibu kabisa na mstari ulionyooka kutoka Entebbe hadi Garissa. Entebbe iko kwenye mwinuko wa mita 1,150 hivi kutoka usawa wa bahari, na Garissa iko chini zaidi. Safari huanzia chini na kuishia chini, lakini katikati pana ukuta wa mawe na barafu ambao mara nyingi hujifunika mawingu. Wala msiba huo haukuwa wa kwanza katika nchi hiyo jirani. Tarehe 10 Aprili, 2006, ndege ya jeshi la anga la Kenya iliyowachukua viongozi waliokuwa katika safari ya kutafuta amani ilianguka karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 17 waliokuwamo, 14 walikufa.

Sababu za ajali hutofautiana, lakini mlima uliofichwa na mawingu una kanuni zake, ambazo kila mwanajeshi anayepanda ndege anafaa kuzielewa. Wengi hudhani kwamba rubani mzoefu huweza kuhisi kama ndege yake imekaa sawa. Sivyo. Mwanadamu hujua kuwa yuko wima kwa kutumia macho, misuli, na majimaji yaliyomo ndani ya sikio. Akiingia mawinguni, macho hayana kazi tena. Ndege ikianza kuinama na kugeuka polepole, sikio halitambui. Rubani akiirudisha katika hali ya sawa, mwili wake humwambia kuwa sasa ndipo inapoinama, naye hushawishika kuirudisha kule kule kwenye hatari. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu watu 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa vipimo. Walipozuiwa kuona nje, wote 20 walishindwa kuitawala ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hizo hazitimizi hata dakika tatu.

Milimani shida huzidi. Kwenye kimo cha mita 4,000, uzito wa hewa ni kama theluthi mbili tu ya ule wa pwani. Mapanga ya helikopta hukosa hewa ya kutosha ya kuyabeba, injini hupungukiwa nguvu, na helikopta iliyosheheni silaha na mafuta huweza kushindwa kupanda kwa kasi inayotakiwa kuuruka mlima. Kipimo cha kimo nacho husoma mgandamizo wa hewa. Kikikosewa kwa milibari 10 tu, rubani huweza kudhani yuko juu kwa mita 80 na zaidi kuliko alivyo. Tena, kuanzia mita 3,000 hivi, uhaba wa oksijeni huanza kupunguza wepesi wa akili ya rubani, na mara nyingi mwenyewe hajui.

Jeshi la Marekani lilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mapema mwaka 1934 lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, usiku na mchana, katikati ya majira ya baridi. Marubani wake walikuwa hodari wa kuruka kwa kutazama ardhi, lakini mawinguni hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Katika muda wa miezi michache wanajeshi zaidi ya kumi walikufa. Ndipo jeshi liliponunua mashine sita zilizobuniwa na Edwin Link, mtu aliyetoka katika familia ya watengenezaji wa piano na ogani, ambaye alitumia mivukuto ya ogani kukitikisa kijumba kidogo chenye vipimo vya ndege. Kabla ya hapo mashine hizo zilidharauliwa, nyingine zikauzwa kuwa vitu vya kuchezea katika viwanja vya starehe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili zikafundisha malaki ya marubani.

Mashine za kuigiza urukaji za siku hizi zimepiga hatua kubwa. Chumba kizima cha rubani husimamishwa juu ya miguu sita inayokisukuma na kukiinamisha, na kompyuta huonyesha milima, mvua na ukungu mbele ya kioo. Mkufunzi huweza kuzima injini moja, kuharibu kipimo, au kuyashusha mawingu ghafula bondeni. Rubani akikosea hugonga mlima, kisha zoezi husimamishwa, kosa huelezwa, naye huanza upya. Addis Ababa, mji wenye uwanja wa ndege ulio juu ya mita 2,300, shirika la ndege la Ethiopia lina chuo chenye mashine za namna hii.

Hata hivyo mashine si dawa ya kila kitu. Haiwezi kuiga kikamilifu nguvu zote zinazouvuta mwili angani, wala hofu ya kifo cha kweli. Mashine ya ndege ya abiria haimwandai rubani wa helikopta ya kivita. Na zoezi lisilofundisha kugeuka na kurudi ni nusu ya zoezi. Katika jeshi na polisi, rubani hubeba amri pamoja na mzigo. Kiongozi wa msafara akiendelea mbele, walio nyuma humfuata. Kwa hiyo inafaa makamanda nao waketi katika mashine hiyo, waone jinsi dakika ya kuamua inavyokuwa fupi, na wakubali kwamba rubani aliyegeuka mbele ya mawingu hakuasi.

Mashine hizi ni ghali, lakini nchi za Afrika Mashariki zimewahi kushirikiana katika jambo kama hili. Chuo cha urubani cha Soroti, nchini Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 kuzihudumia Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Milima ya nchi hizi haitambui mipaka, na vijana wanaopelekwa kulinda amani hupita juu ya milima hiyo hiyo. Husemwa kuwa ajali haina kinga. Lakini ajali ambayo rubani ameifanyia mazoezi mara ishirini, ardhini, bila kumwaga damu, imekwisha kupata sehemu kubwa ya kinga yake.